Mkasi wa Heshima

Wazee wa Kiembe Samaki, Zanzibar, wasisemwe. Kila jioni barazani wanatukumbusha kwamba enzi zao hapakuwa na mapenzi. Watu waliozwa tu, kwa utulivu, kama makabati yanavyohamishwa chumba.

Albamu zao zinathibitisha. Tazama picha hii iliyopigwa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Kijana ana nywele timtim na suruali ya pekosi inayofagia sakafu, miaka ileile ya 1970 ambapo Zanzibar ilizipiga marufuku. Bila shaka aliivaa ili wenzake wajue kisichofaa. Ameshika waridi la plastiki: alikuwa akisomea kilimo. Begani pake upo mkono wenye bangili, mwenyewe kakatwa kwa mkasi. Huyo ni binamu. Zamani mabinamu walikuwa wengi mno. Nyuma ya picha, kwa wino wa buluu, pameandikwa "usinisahau". Nadhani ni deni la dukani.

Kwa hiyo kijana huyo, leo babu, ana haki zote kumnyang'anya mjukuu simu kwa picha moja ya bustani ya Forodhani, ambamo amesimama hatua nzima mbali na mwenzake wa skuli. Hatua nzima! Hawa watoto wana nini cha kuficha? Kwa babu, mkono ulikuwa begani pake kabisa, hadharani, kwa adabu.

Vijana, nawasihi: zisafisheni picha zenu karatasini mapema. Simu haikatiki kwa mkasi, na uzee unakuja.