Washa Taa au Gonga Ubao: Mwongozo wa Poka kwa Siku za Mwezi Mpevu

Mwezi ukishapevuka juu ya Luchelele, dagaa hawaijii taa. Ziwa zima linang'aa, karabai inakosa kazi, na mitumbwi inalala mwaloni siku kadhaa. Hizo ndizo siku zetu za karata. Drafti tumeicheza mpaka visoda vimechubuka rangi, ndipo mimi na shemeji yangu tukahamia poka ya watu wawili, ile ya dau lililopangwa kabla. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuja kukaa mbele yetu. Ufuate hatua kwa hatua, kama unavyofuata maelekezo ya dawa.

Hatua ya 1: Tayarisha meza

Pindua ndoo, weka ubao juu, gawaneni visoda 40 kwa 40. Pesa ibaki nyumbani. Michezo ya fedha ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni zake, na chini ya mwembe hatuna leseni. Isitoshe, ada ya mtoto haina sababu ya kulala katikati ya ubao.

Anayegawa anatanguliza kisoda 1, mwenzake 2. Kila mmoja anapata karata 2 za siri. Katikati zinafunuliwa 3, kisha 1, kisha 1 ya mwisho, na kila mara, tangu karata za siri, mnapewa nafasi ya kuweka dau. Raundi mbili za kwanza dau ni visoda 2, mbili za mwisho ni 4. Hakuna kusukuma rundo zima ili kumtisha mtu. Zamu yako ikifika kabla dau halijawekwa, una njia mbili: kuweka, au kugonga ubao kwa kidole, maana yake umepita.

Hatua ya 2: Acha kuzitazama karata zako

Mgeni wa mchezo huu hujiuliza, "Karata zangu ni nzuri?" Swali hilo ndilo linalommaliza. Muulize mvuvi wa dagaa. Kabla ya kuwasha taa anafikiria nani atakuja. Dau nalo ni taa. Ukiliweka, mwenzako atakuja na karata zipi, na atatupa zipi? Kama watakaokuja ni wanaokushinda tu, na watakaokimbia ni wale ambao tayari ulikuwa unawashinda, umechoma mafuta bure.

Hatua ya 3: Jaribu kwa macho

Tuseme karata zote 5 zimefunuliwa: mfalme wa kopa, 9 ya kopa, 7 ya shupaza, 4 ya uru, 2 ya pau. Katikati kuna visoda 20. Shemeji amegonga. Wewe ndiye msemaji wa mwisho.

Una mfalme mwingine mkononi? Weka. Mwenye jozi ya 9 au ya 7 atalipia ili akuone, na unamshinda. Kipimo ni hiki: kati ya mara ambazo atalipia, uwe unashinda zaidi ya nusu.

Una ree na 8, bila jozi? Gonga. Mwenye jozi hatupi karata zake kwa visoda 4, na asiye na kitu halipi. Ree yako inaweza kushinda ikiwa imekaa kimya, ifunue bure.

Una 5 na 6 za kopa? Ulikuwa unangoja kopa ya tano, au 3 au 8 ikukamilishie mfuatano, na hakuna iliyokuja. Ukigonga umeshindwa. Kwa hiyo weka. Huo ndio mkwara halali.

Tazama tena mpangilio huo. Ree imegonga, na 6 imeweka dau. Karata kubwa imekaa, ndogo imesimama. Ukilielewa hilo umeuelewa mchezo; mimi lilinichukua miezi miwili ya mbalamwezi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mkwara

Unahatarisha visoda 4 ili uzoe 20. Ukijaribu mara 6, ukakamatwa mara 5, umepoteza 20. Ile mara moja anayotupa karata inakurudishia 20. Mkwara ukifaulu zaidi ya mara 1 katika 6, una faida.

Usishangilie mapema, maana shemeji naye anajua kuhesabu. Yeye analipa 4 ili apate 24, kwa hiyo inamtosha akukamate mara 1 katika 7. Ndiyo maana mkwara uwe haba: katika rundo kama hili, mmoja kwa kila madau sita ya kweli. Ukizidisha, atalipia kila kitu. Ukiacha kabisa, hatakulipa hata siku una wafalme watatu.

Hatua ya 5: Ukitangulia kusema, msome mtu

Mwenzako ni mwepesi wa kulipia lakini mzito wa kuweka? Weka mwenyewe, maana ukigonga naye atagonga, na visoda vyako 4 vimekupita. Mwenzako anapenda kuchimba mikwara? Gonga hata ukiwa na karata nzuri, mwache awashe taa yeye, kisha umlipie.

Hatua ya 6: Kubali kushindwa ukiwa umecheza sawa

Januari 2015, Michael Bowling wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake walitangaza kwamba programu yao, Cepheus, imeutatua mchezo huu huu wa watu wawili na dau lililopangwa kabla. Vichakataji 4,800 vilifanya kazi siku 68. Hata mtu angecheza nayo maisha yake yote, asingepata uhakika kwamba ameishinda. Cepheus nayo hupiga mkwara, nayo hugonga, na mara nyingi tu hupoteza mkono. Hesabu zake zilithibitisha pia kwamba mgawaji, anayesema mwisho raundi tatu kati ya nne, ndiye mwenye nafasi bora. Basi gawaneni kwa zamu, msije mkagombana.

Juzi usiku nilikuwa na jozi ya 9, shemeji akagonga, nami nikagonga. Akafunua ree tupu. Nikazoa visoda.

"Shemeji, mbona hukuweka ree yako?"

Akanyoosha kidole kwenye mtumbwi wake uliolala mchangani, taa ikiwa imefunikwa kwa turubai.

"Na huo mbona sikuutoa?"