Saba Wanaoitawala Akitini, Tukianza na wa Mwisho

Mwaka 1942, mjini Szeged, Hungaria, Brunó Straub alitoa kwenye msuli protini inayoitwa akitini. Leo tunajua haikai msulini tu: imo karibu katika kila seli ya mwili wako. Molekuli zake hushikana moja baada ya nyingine hadi kuwa uzi wenye unene wa nanomita 7 hivi, na nyuzi hizo ndizo zinazoisukuma mbele seli nyeupe ya damu inapokimbiza bakteria. Kila molekuli inayojiunga huurefusha uzi kwa nanomita 2.7. Uzi una ncha mbili, na moja hukua haraka karibu mara kumi kuliko nyingine.

Sasa sikia ajabu yake. Akitini iliyo huru ndani ya seli huzidi mara nyingi kiasi kinachotosha uzi kukua. Kwa hesabu ya kemia peke yake, seli ingejaa nyuzi ikakakamaa. Haikakamai, kwa kuwa kuna protini nyingine zinazoamua uzi uanzie wapi, uelekee wapi na ukome lini. Nimewapanga saba. Cheo nimekitoa mimi, na anayetaka kubishana aje na hoja zake.

7. Thaimosini beta-4
Kiduchu huyu ana asidi amino 43 tu. Akiikamata molekuli ya akitini, basi: haiwezi kujiunga na ncha yoyote. Usimwite mchoyo, huyu ni mweka hazina. Chembe sahani za damu zimejaa akiba anayoishika, na ukijikata kidole zinaitumia papo hapo kubadili umbo na kuziba kidonda.

6. Jelsolini
Helen Yin na Thomas Stossel walimtambulisha mwaka 1979. Kalsiamu ikipanda ndani ya seli, huamka, huukata uzi, kisha hukaa kwenye ncha iliyokatika ili isikue tena. Akikata, halali! Ana ndugu yake anayezunguka ndani ya damu, akizoa akitini iliyomwagika kutoka kwenye seli zilizokufa. Familia ya wachapakazi.

5. Profilini
Naye huishika akitini, lakini kwa nia tofauti kabisa na ya thaimosini. Molekuli iliyo mikononi mwake haiwezi kuanzisha uzi mpya wala kujiunga na ncha ya polepole. Njia iliyobaki ni ncha ya haraka. Juu ya hapo, huisaidia akitini kuiachia ADP iliyochoka na kuchukua ATP mpya, molekuli inayobeba nishati. Kwa hiyo hakuna molekuli inayofika kazini na njaa.

4. Fomini
Hapa tunaingia kwa wajenzi wenyewe. Fomini wawili huungana wakaizunguka ncha ya haraka, na kila molekuli inapoongezwa wao husogea nayo bila kuiachia ncha. Profilini huwaletea mzigo, wao wanapachika. Nyuzi zao ni ndefu na zilizonyooka, hazina tawi.

Unaweza kudhani haya ni mambo ya maabara tu. Mwaka 1997 watafiti walichunguza ukoo mmoja mkubwa wa Costa Rica ambao watu wake walipoteza usikivu kizazi baada ya kizazi. Chanzo kilikuwa badiliko katika jeni ya fomini moja, DIAPH1. Sikio la ndani husikia kwa vinyweleo vilivyojaa nyuzi za akitini. Fomini akikosea, muziki unazimika. Kwangu mimi hilo linatosha kumpa heshima yake.

3. Protini ya kufunika ncha
Kazi yake ni moja: kuketi kwenye ncha ya haraka na kusema yatosha. Nyuzi zikibaki fupi huwa ngumu kupinda, kwa hiyo zinaweza kusukuma utando wa seli. Pia akitini huru huziendea nyuzi chache zilizo na ncha wazi, nazo hukua kwa kasi. Anawazuia wengi ili wachache wapae.

2. Arp2/3
Protini saba zilizoshikana, zilizogunduliwa na Laura Machesky na Thomas Pollard mwaka 1994 katika amiba. Hujibandika ubavuni mwa uzi uliopo na kuchipusha tawi kwa pembe ya digrii 70 hivi. Matawi yakizaa matawi, ukingo wa seli unasonga mbele.

Hajiamshi mwenyewe. Mmoja wa wanaomwamsha anaitwa WASP, na wavulana wanaozaliwa na WASP mbovu hupata maambukizi ya mara kwa mara, ukurutu na damu isiyoganda vizuri. Bakteria Listeria, kwa ufisadi wake, hubeba mwamshaji wake mwenyewe aitwaye ActA. Akiingia kwenye seli yako humwamrisha Arp2/3 amjengee mkia wa akitini, na mkia huo humsukuma hadi seli ya jirani bila hata kutoka nje. Ni bakteria huyu aliyeua zaidi ya watu 200 Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018. Mwizi wa karakana!

1. Kofilini
Ndiyo, mvunjaji ndiye bingwa! Subiri kabla hujanizomea.

Akitini hujiunga na uzi ikiwa na ATP. Muda ukipita, ATP huvunjika, na sehemu kongwe ya uzi hubaki na ADP. Kofilini huipenda sehemu hiyo. Hujibandika hapo, huisokota kupita kiasi, na uzi hukatika pale sehemu yenye kofilini inapokutana na isiyo nayo. Ni kama mkulima anayepogoa mkahawa: shina lililochoka linaondoka, machipukizi yanapata nafasi.

Ushahidi? Mwaka 1999 kikundi cha Marie-France Carlier nchini Ufaransa kilimwendesha Listeria nje ya seli kabisa, katika mchanganyiko wa protini safi. Profilini aliongeza ufanisi, lakini hakuwa wa lazima. Walioonekana kuwa wa lazima, pamoja na akitini na Arp2/3 aliyeamshwa, ni wawili: protini ya kufunika ncha, na kofilini. Bila kofilini kuvunja nyuzi za zamani, akitini huru hupungua, na bakteria haendelei na safari.