Shika Sembe

Kwa miaka sita nimeishi na mwanamke wa Kijapani, na mke wangu anajua. Yumo ndani ya dashibodi ya Noah yetu. Kila asubuhi nikiwasha gari huniambia, kwa upole wa karani wa benki siku ya kufungua akaunti: "Kaado ga sonyu sarete imasen." Dar es Salaam imejaa magari ya mtumba kutoka Japani, na mengi yamekuja na madada wa namna hiyo, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Sisi humjibu "Asante, dada," tukaingia barabarani. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ile ni dua ya safari, nikaihifadhi neno kwa neno. Basi shemeji yangu anayesoma Osaka alipotualika mwezi wa Novemba, mimi nilipanda ndege nikijihesabu kuwa ndiye mkalimani wa msafara.

Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mama mkwe ni mtu wa Tanga. Hajawahi kusafiri bila khanga doti mbili na kopo la visheti, hata akienda Muheza.

Jioni ya kwanza shemeji alitupeleka Dotonbori, mtaa wa kando ya mfereji ambako watu wa Osaka huenda kula mpaka tumbo lidai talaka. Kuna mtu alikuwa anapika takoyaki, na mama mkwe alipoona kikaango aliniita kwa furaha: "Baba Zuhura, njoo uone chuma cha vitumbua!" Kweli, ni kilekile, matundu tu ndiyo madogo zaidi, na ndani ya kila donge kuna kipande cha pweza. Vitumbua vya pweza! Mtu wa pwani atake nini tena? Tatizo likaja mwishoni. Juu ya madonge humwagwa maganda ya samaki mkavu wa jamii ya jodari, mepesi kama karatasi, na mvuke ukiyapiga yanajikunja na kucheza. Mama mkwe akainama akayatazama yanavyojinyonganyonga. Akamgeukia mpishi.

"Baba, hiki kingali hai?"

"Hai!" akajibu mpishi kwa ukakamavu.

Kwa Kijapani "hai" ni "ndiyo". Tulieleza sana, hakutusikiliza. Mwenye chakula mwenyewe amekiri, sisi wageni tunabisha nini? Alikunywa chai, nami nikala sehemu yake, ambayo ilinibabua ulimi kwa sababu katikati ya lile donge kuna uji wa moto usiojitangaza.

Kuepuka nguruwe na pombe kulitupunguzia mikahawa, kwa hiyo siku zilizofuata tulikuwa watu wa samaki na wali. Wali wa Kijapani unashikana. Mama mkwe aliuonja, akamnong'oneza bintiye kwamba mpishi amezidisha maji, tusimwaibishe. Mimi nilipaka kipande changu kitu cha kijani nilichokidhania chatne ya kotmiri. Sitaeleza wasabi inavyofanya kazi. Inatosha kusema kwamba haipiti mdomoni, inapitia puani, na mwanangu mdogo aliuliza kwa nini baba analia wakati bibi ndiye anayekula wali mbovu.

Huko huko Osaka ndiko kwenye asili ya sushi ya mkanda. Mkahawa wa kwanza wa namna hiyo ulifunguliwa Higashi-Osaka mwaka 1958. Sahani zinapita mbele yako juu ya mkanda, unachukua unayoitaka, unakula, na tupu unazipanga mezani, kwa sababu hizo ndizo hesabu yako. Shemeji alitueleza yote haya. Mama mkwe alisikia nusu ya kwanza.

Yeye alilelewa akijua kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukiletewa futari, sahani inarudi na kitu, hata kama ni ndizi mbili. Kwa hiyo alimaliza kipande chake cha uduvi, akaifuta sahani kwa tishu, akafungua kopo, akapanga visheti vinne vizuri, akairudisha kwenye mkanda. Tulikuja kugundua visheti vimeshafika meza ya tatu. Mzee mmoja mwenye tai alivitazama vikipita. Mkanda ukazunguka, vikapita tena. Mara ya tatu akavichukua.

Sasa, mwaka 2023 Japani iliingia kwenye kashfa ya vijana waliojirekodi wakilamba vyombo kwenye mikahawa kama hiyo, na tangu hapo wenye mikahawa roho ziko juu. Mhudumu alikuja mbio. Shemeji akasimama, akainama, akainama tena. Nadhani aliinama mara nyingi kuliko alivyorukuu Ramadhani nzima. Yule mzee akatamka maneno machache, akaonyesha kisheti kilichobaki nusu, mhudumu akatulia. Tulipouliza amesema nini, shemeji akasema anauliza hivi vimeandikwa wapi kwenye menyu.

Mama mkwe alimwachia kumi.

Sasa choo. Nimesita kuandika, lakini mke wangu ameshawasimulia nyumba saba za mtaani, afadhali mwipate kwangu. Kilikuwa choo kikubwa cha peke yake katika stesheni ya treni. Kiti kilikuwa cha moto, nikainuka kwa hofu kwamba kuna mtu ametoka sasa hivi. Kumbe kinapashwa kwa umeme. Ukutani kulikuwa na safu ya vitufe. Nikabonyeza chenye alama ya muziki, nikasikia maji yakimwagika kwa kishindo, kumbe ni sauti tupu, imewekwa ili aliye nje asisikie mambo yako. Nikabonyeza kingine, maji ya kweli yakaja kutoka chini, ya uvuguvugu, yenye shabaha. Hapa niseme haki: sisi tuliolelewa kuchamba kwa maji hatukuwa na la kulaumu, na mama mkwe alishatoa hukumu hotelini kwamba hawa ni waungwana. Ila mimi sikujua kuyazima. Dakika zikapita. Nikakiona kitufe chekundu, peke yake, pembeni. Chekundu ni simama, sivyo?

Chekundu ni dharura.

Kengele ikalia, taa ikawaka, na baada ya muda mfupi wakaja wafanyakazi wawili wakigonga mlango na kuniuliza jambo kwa sauti ya wasiwasi. Nilitaka kuwaondoa hofu. Nikatafuta Kijapani chote nilichonacho, nikaita kwa sauti kubwa na matamshi ambayo hata leo nayaonea fahari: "Kaado ga sonyu sarete imasen!"

Nje pakawa kimya.

Shemeji ndiye aliyenitafsiria baadaye, akiwa ameketi sakafuni kwa kicheko. Ile si dua. Ni kifaa cha kulipia barabara kuu za Japani, kinasema: "Kadi haijaingizwa." Miaka sita gari linanidai ushuru wa barabara ambazo sijazikanyaga. Nawe jiweke mahali pa yule mfanyakazi wa stesheni: kengele ya dharura imelia, unakimbia, unagonga, na kutoka ndani ya choo mwanamume anakuarifu kwamba kadi haijaingizwa.

Baada ya hapo ukalimani ulihamia kwa mama mkwe, hasa tulipofika Nara. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Japani kuanzia mwaka 710 hadi 784, na katika bustani yake wanazurura kulungu zaidi ya 1,000, ambao tangu zamani huhesabiwa kuwa wajumbe wa miungu ya hekalu la Kasuga. Kulungu kwa Kijapani ni "shika". Biskuti zao, zinazotengenezwa kwa pumba za mpunga na unga, ni "senbei", na Mjapani akilitamka utasikia "sembe". Mama mkwe alikuwa na siku ya sita bila ugali. Tulipopita penye muuzaji, yule bibi akanadi: "Shika senbei!"

Mama mkwe akanyoosha mikono yote miwili. "Nashika, mwanangu!"

Alivunja moja akaionja. "Pumba," akasema, na hakukosea. Wakati huo kulungu dume akamsogelea, akainamisha kichwa mpaka karibu na nyasi, maana wamejifunza kwamba anayeinama hupewa. Mama mkwe hakushangaa hata kidogo. "Marahaba," akaitikia, akampa biskuti. Akaja wa pili, akainama. Marahaba. Alipofika wa kumi biskuti zikawa zimekwisha, na wa kumi na moja hakuwa na adabu. Alishika pindo la khanga akalivuta. Ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Tulipomnasua, mwenyeji alikuwa ameshaliwa.

Habari ya hamamu la maji ya moto nimekatazwa kuiandika.

Khanga sasa inasema "Mgeni njoo" tu, na mama mkwe huivaa kwa fahari. Dada wa kwenye dashibodi bado anadai kadi yake kila asubuhi, na mama mkwe akiwa kiti cha mbele humjibu, "Hai." Fundi anayejua kumnyamazisha anitafute, ila asije Ijumaa. Siku hiyo mama mkwe huwa kwetu, na hatakubali.