Barua ya Wazi kwa Ofisi Husika: Mgeni wa Heshima Aje Mchujoni

Kwa Ofisi Husika,
Jiji la Eldoret.

KUH: OMBI LA MGENI WA HESHIMA KUPEWA UHUSIKA KATIKA TAMTHILIA ZETU

Wakuu,

Itifaki zote zikizingatiwa, pokeeni salamu kutoka Yamumbi. Sisi ndio wale mnaowaita "vijana wa kutumbuiza", japo mmoja wetu ana wajukuu. Msimu wetu wa maigizo huanza mahindi yakishavunwa. Mvua ikishika, hakuna anayesikia neno chini ya mabati ya ukumbi. Na wakati wa kupanda ukifika, nusu ya waigizaji wako shambani, nusu iliyobaki iko kwenye foleni ya mbolea.

Safari hii tuna tamthilia tatu: ndugu wanaogombania shamba kabla marehemu hajazikwa; mwanariadha anayerudi kutoka ng'ambo na kukuta ploti aliyotuma pesa inunuliwe imeandikishwa kwa jina la mjomba; na kichekesho cha Krismasi ambamo mbuzi ndiye shujaa. Zote zina mwisho. Nalitaja hilo kwa sababu nyinyi hamjawahi kuuona.

Mlipotualika Sikukuu ya Mashujaa, tuliwachezea ile ya shamba. Mlisema tuanze mara watu wakikaa, wasije wakachoka kumngoja mgeni wa heshima. Tukaanza. Tukafika pale mjane anapopiga magoti kando ya jeneza na kufungua fundo la leso, atoe hati aliyoificha miaka yote. Fundo hilo tulilifanyia mazoezi hadi usiku. Lazima lifunguke polepole, kwa vidole vinavyotetemeka. Umati ulikuwa umenyamaza, hata watoto. Hapo king'ora kikalia. Msimamizi wa sherehe akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mjane, akatwaa maikrofoni: "Asanteni sana wasanii wetu, wapigieni makofi, mheshimiwa amewasili." Viti vikageuzwa. Mjane akabaki amepiga magoti, fundo halijafunguka, askari anamwambia apishe njia. Jeneza tulilivuta pembeni lisije likakwaruza gari.

Kisha mheshimiwa akahutubia mpaka kivuli cha hema kikahama. Alisema vijana wakuze vipaji.

Hatujaja kulalamika. Tumekuja na suluhisho. Kwa kuwa mgeni wa heshima huingia katikati ya kila mchezo wetu, tunaomba aandikwe ndani ya mchezo. Na kwa kuwa hatugawi uhusika kwa kujuana, aje kwenye mchujo kama wengine.

Mchujo wetu ni Jumamosi alasiri. Mheshimiwa atakuja kwa matatu, ataandika jina kwenye daftari, ataketi kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, na ataitwa zamu yake ikifika. Mwenye ufunguo wa ukumbi akiwa ameenda matanga, tutangoja naye nje. Majaribio ni matatu. La kwanza ni kuingia: aingie bila king'ora na bila mtu wa kumfungulia mlango, tuone kama atatambulika. La pili ni kuketi: aketi kimya dakika kumi huku mwenzake akizungumza, bila kugusa simu. Hapa tunatarajia wengi waanguke. La tatu ni sentensi moja, "Sina mengi ya kusema." Aiseme, kisha asiseme mengi. Akiliweza hilo, uhusika ni wake, na tutampigia vigelegele.

Walinzi wake hatutawatupa. Watakuwa waombolezaji, maana miwani myeusi wanayo tayari. Mazoezi ni kila jioni. Akikosa kufika, mmoja wetu atatangaza kwamba mheshimiwa amebanwa na shughuli za kitaifa, na hotuba yake itasomwa kwa niaba yake. Itakatwa katikati, mbuzi akiwasili. Malipo yake ni kama yetu: soda, nusu mkate, na ahadi ya nauli itakayotumwa kwa simu. Cheti pia atapata. Dukani hakipokelewi, lakini kina rangi za kupendeza.

Maombi mengine ni madogo. Ufunguo wa choo. Taa moja inayowaka. Ufunguo wa pili wa ukumbi, kwani Eldoret ilikabidhiwa hati ya jiji Agosti 15, 2024, na jiji zima haliwezi kungoja mtu mmoja arudi matangani. Halafu kuna ufuo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linapoorodhesha kazi za kaunti katika utamaduni na burudani, linaanza na kamari, linapitia leseni za pombe na sinema, na linafika hadi fukwe. Maigizo halikuyataja kwa jina. Basi tujengeeni ufuo hapa Yamumbi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tutaigiza mchangani.

Mtauliza kuhusu kibali. Tunakijua. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa kabla ya uhuru, na waliorithi nchi wakairithi nayo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu walijijengea jukwaa na kuigiza Ngaahika Ndeenda. Kibali kikafutwa watu wakiwa bado wanamiminika. Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake, akakamatwa Desemba 31 na kuwekwa kizuizini bila kesi. Na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, mahakama ikiwa imeamuru waruhusiwe kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi.

Angalau hao waliogopwa. Anayepiga mchezo marufuku amekiri kuwa una maneno. Nyinyi mnatukata bila kujua tulikuwa tunasema nini.

Kura ikikaribia ndipo mnapokumbuka namba zetu. Mnataka tuigize amani, tena Yamumbi, ambako hakuna anayehitaji kusimuliwa ghasia za uchaguzi za 2008. Tunaigiza. Mwanamke aliyechomewa nyumba anaigiza mwanamke aliyechomewa nyumba, mbele ya hema lenu, kwa soda. Hata huyo mnamkata gari likitokea. Mnamkata, halafu mnapanda jukwaani kueleza uchungu wa wananchi! Hamna haya.

Mniwie radhi. Itifaki.

Tunatumaini ombi letu litashughulikiwa kwa haraka ileile mnayotumia kushughulikia viti vya safu ya mbele. Mheshimiwa ahimizwe kufika mapema.

Wenu mtiifu, hadi king'ora kitakapolia,
Mwigizaji, Yamumbi.

Nakala kwa: wakazi wa Yamumbi, Langas na Kapseret. Msimu unaanza. Kiingilio ni chochote ulicho nacho. Tunaianza upya ile ya shamba, na safari hii fundo litafunguka. Ofisi hii haitatujibu, kwa hiyo ombi la mwisho ni lenu: gari likiingia mchezo ukiendelea, msisimame wala msigeuze viti. Aliyekuja amechelewa. Atafute pa kukaa nyuma.