Mfalme wa Zamu

Malaysia ina mfalme, lakini ni mfalme wa zamu. Tangu 1957, watawala wa kurithi wa majimbo tisa hukutana, wakapiga kura ya siri na kumchagua mmoja wao akalie kiti kwa miaka 5. Muda ukiisha, Mtukufu hufungasha virago na kurudi jimboni kwake, bila kudai kwamba wananchi wamemlilia abaki. Mfalme Muhammad V hata muhula hakuumaliza: Januari 2019 alijiuzulu, akaenda zake.

Sasa tuhamie kwenye jamhuri, ambako ufalme ni mwiko.

Togo, Gnassingbé Eyadéma alitawala tangu 1967 hadi alipofariki Februari 2005. Kabla tanga halijaanuliwa, jeshi lilikuwa limeshamkalisha mwanawe Faure kitini. Kelele zilipozidi, mtoto akashuka, akaenda kutafuta kura, akarudi palepale. Guinea ya Ikweta, Rais Obiang yupo tangu 1979. Makamu wake, kwa bahati njema tu, ni mwanawe.

Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati angalau hakujificha. Desemba 1977 alijivika taji mjini Bangui, kwenye kiti kilichopakwa dhahabu, chenye umbo la tai. Marais wenzake walioalikwa hawakutokea. Pengine waliona anajisumbua bure kununua taji, ilhali karatasi za kura zinatosha.