Vipele vya Bobi

Mbwa wetu Bobi alipotokwa na vipele, shemeji alikuja na chupa ya oksitetrasiklini kutoka duka la dawa za mifugo, ile ile wanayochomwa ng'ombe. "Shemeji, hivi ni vipele tu. Namchoma sasa hivi, kesho utamwona anaruka." Na kweli vikakauka, Bobi akarudi kubwekea bodaboda getini. Mwezi haukuisha, vikafumuka upya kuanzia tumboni hadi kwapani, usaha unamchuruzika, manyoya yanamnyonyoka. Shemeji akachoma tena. Bibi naye akatoa kapsuli za amoksilini zilizobaki alipougua jino, akamfichia mbwa ndani ya tonge la ugali.

Daktari wa mifugo tuliyemfuata mjini Arusha hakukimbilia sindano. Alipangusa usaha kwa kijiti cha pamba, akaupeleka maabara. Majibu yakaja: Staphylococcus pseudintermedius, sugu kwa methisilini, dawa ya jamii ya penisilini. Bakteria huyu hukaa puani na kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru, ila ngozi ikichubuka hupenya. Kila dozi isiyo kamili huua walio dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Sasa penisilini zote na sefalosporini za kawaida zilikuwa maji matupu kwa Bobi, na oksitetrasiklini vilevile.

Chanzo cha ngozi ya Bobi kuchubuka kilikuwa viroboto. Kila alipowashwa alijikuna mpaka damu. Basi tukaanza na viroboto, kisha kuogesha kwa shampuu ya klorheksidini. Povu lisisuuzwe mpaka dakika kumi zipite. Na Bobi si mbwa wa kusimama dakika kumi! Alimponyoka baba watoto akiwa mweupe kwa povu, akakatiza sebuleni, akajikung'uta juu ya vitambaa vya makochi alivyofuma Bibi. Watoto wakapiga kelele, Bibi akapandisha miguu kitini.

Miguu hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Bibi ana kisukari na kidonda kwenye kisigino, na bakteria huyu, ingawa ni mara chache, huweza kumwingia binadamu mwenye kidonda. Tukafua matandiko ya mbwa kwa maji ya moto, mikono ikawa inaoshwa kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na kulambwa usoni marufuku kwa watoto.

Bobi alipona kwa shampuu, bila sindano nyingine hata moja. Ndugu msomaji, mbwa wako akirudiwa na vipele baada ya dawa, mwombe daktari achukue kipimo kwanza, na kapsuli za Bibi ziache zilipo.