Yah: Ombi la Kupangiwa Magonjwa Yanayolingana na Bajeti

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu nyingi kutoka kijijini. Sisi ni wazima, isipokuwa wale ambao si wazima, na hao ndio sababu ya barua hii.

Kwanza tunashukuru kwa ugeni wa mwezi wa kumi na moja. Wataalamu wako walifika salama, gari halikukwama, na walitukuta chini ya mkwaju, palepale walipotuacha mwaka uliopita. Wakatundika bango kitita, wakagawa kalamu za rangi, wakatuuliza kwa upole kama watu ambao hawajawahi kutuona: “Wananchi, mahitaji yenu ya afya ni yapi?” Tukajibu. Nesi wa usiku. Tangi la maji. Taa kwenye chumba cha kujifungulia. Dawa ya sumu ya nyoka. Bibi mmoja ambaye huketi mbele alijibu kabla swali halijaisha, maana amelikariri, na kuna mwaka alimsahihisha mwezeshaji aliporuka kipengele.

Hiyo ilikuwa mara ya sita. Mahudhurio yote ninayo, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati ya zahanati na ndiye ninayezungusha karatasi. Kusaini tumesaini, Ndugu Mkurugenzi. Kijiji hiki kimeshirikishwa mpaka kalamu zimeisha wino.

Mwaka wa kwanza mlituchoresha hata kalenda ya misimu. Tulichora miezi kumi na miwili mchangani, tukapanga punje za mahindi: ugonjwa mwingi, punje nyingi. Februari hadi Mei malaria, punje kumi kumi. Kiangazi, kisima kinapobaki tope, kuhara. Wakati wa palizi, nyoka. Mwezeshaji akapiga picha, akasema hii ndiyo sauti ya wananchi. Picha ikaondoka na gari, mahindi wakala kuku. Kwa hesabu zangu, kuku ndio pekee walionufaika moja kwa moja na mipango shirikishi katika kata hii.

Mpango huwa unarudi Julai. Tulipoomba tangi la maji tuliletewa jokofu kubwa la umeme, na nguzo za umeme zimeishia kijiji cha jirani. Hatulilaumu jokofu. Mganga mfawidhi hutunzia humo rejesta ili mchwa wasizile, na tangu lije takwimu zetu hazijapungua hata ukurasa. Tulipoomba nesi wa usiku, nesi wa mchana, ambaye ndiye huyohuyo mmoja, aliitwa kwenye semina ya siku tano ya kuboresha huduma. Ombi la dawa ya nyoka lilijibiwa kwa bango lenye picha ya nyoka.

Tukiuliza tunaambiwa “ukomo wa bajeti”. Zamani neno hili lilitusumbua, sasa tumelielewa. Ukomo huketi kwanza, wenyewe, kwa nafasi. Mahitaji ya wananchi hupanda mwishoni, yakaning'inia mlangoni.

Basi kamati imekaa na kutafakari. Kama miaka sita imeshindikana mpango kulingana na wananchi, busara ni wananchi walingane na mpango. Tunaomba mtupangie magonjwa.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Mwananchi anayekusudia kuugua katika mwaka wa fedha atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya Novemba ya mwaka unaotangulia, akiambatanisha picha mbili za pasipoti. Ataje ugonjwa, siku atakazolala, na kama atapona, maana hilo nalo linagusa maoteo ya dawa. Maombi yapite kamati ya zahanati, yapande Kamati ya Maendeleo ya Kata, yafike Baraza la Madiwani. Atakayekosa nafasi ahesabiwe kwenye bakaa, augue mwaka unaofuata.

Robo ya kwanza, kwa uzoefu wetu, fedha huwa “ziko kwenye mfumo”. Kwa hiyo Julai hadi Septemba kijiji kizima kiwe na afya njema, mgambo watasimamia. Robo ya pili, dawa ya mseto ikifika, malaria iruhusiwe, lakini kwa awamu: kitongoji cha mlimani wiki ya kwanza, cha bondeni wiki ya pili, tusigombanie vipimo. Robo ya tatu mvua hukata barabara, kwa hiyo tuachiwe yale maradhi yanayokubali panadol na maneno mazuri: mafua, kichwa, migongo ya wazee. Kuumwa hasa kuwe Mei na Juni, fedha zinapomwagika kwa mkupuo na kila ofisi inahangaika kuzimaliza. Wiki mbili za mwisho za Juni niko tayari kulazwa mimi mwenyewe, hata mara mbili, ili Halmashauri isipate aibu ya kubaki na fedha.

Uchungu wa uzazi tutauwekea saa za kazi: saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, ukiondoa sikukuu na siku za semina. Watoto wataelekezwa mapema, wakiwa bado tumboni, mama zao watakapokuja kliniki. Nyoka ndio wagumu, kwa sababu hawana kitongoji wala mwenyekiti, lakini tunaamini Afisa Wanyamapori akiwaandikia barua yenye muhuri wataelewa.

Nilikuwa nimekusudia kuchekesha mpaka mwisho wa barua.

Mwaka jana, nesi akiwa kwenye ile semina, saa nane usiku aliletwa mama kwa bodaboda. Alikuja na ndoo yake, glavu zake, wembe wake na uzi wa kufungia kitovu, vyote amenunua dukani kama alivyoagizwa, ingawa Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito hatozwi. Alileta kila kitu isipokuwa nesi, kwa sababu nesi hauzwi dukani. Alijifungulia kibarazani, dereva wa bodaboda amewasha tochi ya simu huku uso kaugeuzia ukutani. Mtoto alilia mara moja. Nasema mara moja kwa maana ya hesabu.

Asubuhi mumewe alinijia akaniuliza alalamike wapi. Nikafungua faili. Kipaumbele namba moja: nesi wa usiku. Mwandiko wangu, miaka mitano mfululizo. Mngekuwa hamjui tungewasamehe, Ndugu Mkurugenzi, asiyejua husamehewa. Lakini ninyi mlikuja kwa miguu yenu, mkauliza, mkaandika, mkapiga picha, mkaondoka mnajua.

Samahani. Kalamu imeteleza. Narudi kwenye mada.

Hatusemi hakuna lililofanyika. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Zahanati tunayo, mawe ya msingi tuliyabeba vichwani wenyewe, na kuta hazina ubaya wowote. Tulipoambiwa fedha zitashuka moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, tulifungua akaunti kwa vigelegele, nayo ni hai kabisa: kila mwezi hututumia ujumbe wa makato. Waliolipa shilingi 30,000 za Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), kwa kaya ya watu sita, wamepata kadi nzuri ya kumwonyesha mtoa dawa dirishani kabla hajasema “hakuna, jaribu duka la pale mbele”. Na sasa tunasikia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Sisi upande wetu tumejiandaa: “wote” tupo hapa, tunasubiri “afya”.

Yapo pia maombi madogo madogo. Mabango kitita ya miaka sita yarudishwe tuzibie madirisha ya chumba cha kujifungulia. Soda za mkutano, kwa kuwa ndizo pekee zinazofika hapa bila kuadimika, ziingizwe kwenye orodha ya dawa muhimu, na aliyezileta ateuliwe kuwa mshitiri wa dawa. Dereva wa bodaboda athibitishwe kazini kama mkunga. Yule bibi alipwe posho ya uwezeshaji, maana mwaka huu anaweza kuendesha kikao chote peke yake, maswali na majibu, nanyi mkaokoa mafuta ya gari.

Ila mkipenda kuja, njooni Novemba. Mkwaju upo. Kuku wameshaanza kuulizia tarehe.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu, Kamati ya Zahanati ya Kijiji

Nakala: Nesi wa usiku (pindi atakapopatikana)